Misuli Iliyokataa Kulegea: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Cherehani Mwenye Maumivu ya Mgongo wa Chini

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Mgonjwa wake amejengwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wengi wanaofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia wakilalamikia kiuno, na tarakimu za vipimo vyake ni za mfano, zimewekwa ili msomaji aweze kufuata hesabu. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: kipimo cha umeme wa misuli kinamwambia nini mtaalamu ambacho macho, mikono na maelezo ya mgonjwa havijamwambia, na ni wapi kipimo hicho hicho kinaweza kumpotosha?

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 43, fundi cherehani mjini Tanga, ambaye kwa miezi 14 amekuwa na maumivu ya mgongo wa chini yanayozidi upande wa kushoto bila kushuka mguuni. Yalianza siku alipoinua ndoo ya maji, yakapungua, yakarudi, na tangu hapo hayajamwacha. Alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa kwamba pingili zake zimesagika, akapewa mkanda wa kiuno na onyo la kutoinama. Onyo hilo amelitii kikamilifu. Kitambaa kikianguka huchuchumaa kukiokota huku mgongo ameunyoosha, sufuria nzito huinuliwa na binti yake, na swala ameihamishia kwenye kiti kwa sababu rukuu na sijida amejikataza. Kauli yake siku ya kwanza ilikuwa fupi: "Mifupa imelika, nikiinama itakatika." Maumivu aliyapa 7 kati ya 10, na katika dodoso la Roland na Morris, ambalo limekuwa likitumika tangu mwaka 1983 na lina kauli 24 kuhusu shughuli za kila siku, alikubali kauli 15. Alipoulizwa anataka nini hasa kutokana na matibabu alitaja mambo matatu: kushona saa nzima bila kuinuka, kuteka maji mwenyewe, na kuswali akiwa amesimama.

Kabla ya mtu kugusa elektrodi, yaani vinasio vya umeme wa misuli, kulikuwa na kazi nyingine isiyorukwa. Mgonjwa aliulizwa kuhusu homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito, maana katika nchi zetu kifua kikuu cha uti wa mgongo si jambo la kusoma vitabuni tu. Aliulizwa pia kuhusu saratani, kuanguka, ganzi ya sehemu za siri na kushindwa kuzuia mkojo. Nguvu za miguu, hisi za ngozi na refleksi zilipimwa zikaonekana sawa pande zote mbili. Ilikuwa muhimu kulimaliza hili mapema, kwa sababu neno elektromiografia hubeba vipimo viwili ambavyo wagonjwa, na wakati mwingine hata watoa rufaa, huvichanganya. Kuna kipimo cha sindano, kinachofanywa na daktari wa mishipa ya fahamu pale anaposhuku kwamba neva imebanwa au imeumia. Na kuna kipimo cha elektrodi za kubandika juu ya ngozi, ambacho hakigundui neva iliyobanwa bali huonyesha misuli inaanza kufanya kazi lini, inaacha lini na kwa kiasi gani. Kwa mgonjwa huyu, ambaye miguu yake haikuwa na dalili yoyote ya neva, sindano isingeongeza kitu. Kipimo kilichofaa kufikiriwa ni cha pili.

Msingi wa kipimo hicho ni tabia moja ya mgongo ambayo, kwa maoni yangu, kila anayetibu viuno anapaswa kuijua kwa kina. Mtu asiye na maumivu akisimama wima kisha akainama taratibu, misuli inayonyoosha mgongo haimsukumi chini bali humzuia asianguke, na umeme wake huongezeka kadiri kiwiliwili kinavyoteremka. Kisha, katika sehemu ya mwisho ya mwendo, umeme huo hushuka ghafla mpaka karibu na sifuri, ingawa uzito wa kiwiliwili bado unaning'inia. Mzigo umehamia kwenye kano za uti wa mgongo, kwenye utando mgumu wa mgongoni na kwenye diski zilizo kati ya pingili, na misuli ya juu juu imeachia. W. F. Floyd na P. H. S. Silver walilieleza jambo hili jijini London mwaka 1951, wakalirudia kwa kirefu mwaka 1955. Baadaye elektrodi zilizoingizwa ndani zaidi zilionyesha kwamba kimya hicho ni cha misuli iliyo karibu na ngozi, huku baadhi ya misuli ya ndani ikiendelea kufanya kazi; kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mgongo mzima umelala.

Kwa watu wengi wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini kimya hicho hakitokei. Wakifika mwisho wa kuinama, misuli bado inashikilia. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti mbalimbali uliochapishwa na Geisser na wenzake mwaka 2005 uliona kwamba kipimo cha kuinama hutenganisha wenye maumivu na wasio nayo vizuri zaidi kuliko kumpima mtu akiwa amesimama tu. Hata hivyo kutenganisha makundi ya watu ni jambo moja, na kumtambua mgonjwa mmoja aliye mbele yako ni jambo jingine, na kisa hiki kinaonyesha tofauti hiyo ilivyo kubwa.

Maandalizi ya kipimo cha kwanza yalichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Mgonjwa alikuwa amejichua asubuhi kwa mafuta ya nazi na dawa ya kuchua, na ngozi yenye mafuta haipitishi umeme vizuri, hivyo sehemu ya kiuno ilisuguliwa taratibu kwa pamba yenye spiriti na kuachwa ikauke. Alikuwa amevaa shanga za kiunoni. Uzi wa shanga ukipita juu ya elektrodi au waya wake, kila mwendo wa kuinama huzalisha mtikisiko unaoonekana kwenye kioo cha mashine kama umeme wa misuli, na mtu asiyezoea anaweza kuuandika kuwa ni mkazo. Jambo kama hili halisemwi kwa sauti mbele ya watu. Mtaalamu mwanamke alimweleza kwa faragha, pazia likiwa limefungwa na kanga ikiwa imemsitiri, naye akazipandisha shanga juu kidogo na kuzifunga kwa kitambaa bila kulazimika kuzivua. Elektrodi zilibandikwa upana wa vidole viwili kando ya ncha ya pingili ya kwanza ya kiuno, kulia na kushoto, umbali wa katikati hadi katikati ukiwa sentimita 2, kama mradi wa Ulaya uitwao SENIAM ulivyopendekeza mwaka 1999. Alama za kalamu na vipimo vya utepe viliandikwa kwenye faili ili zibandikwe pale pale mara nyingine.

Kulikuwa na tatizo la feni. Umeme wa gridi nchini Tanzania hupiga hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na masafa (kasi ya mapigo) ya umeme wa misuli ya mgongo yanaanzia chini ya hapo na kupita juu yake, yaani kelele ya feni huangukia ndani kabisa ya eneo tunalolipima. Ukizima feni katika chumba kidogo mchana wa Tanga, mgonjwa hutoka jasho na elektrodi hulegea. Ukiiwasha karibu na waya, mstari wa mapumziko hujaa mawimbi. Feni ilisogezwa mbali, waya zikakazwa kwa plasta, na kipimo kikafanywa asubuhi kabla ya joto. Ningeongeza kwamba elektrodi za kubandika zinazotumiwa mara ya pili kwa sababu ya kubana matumizi hazifai kwa kazi hii, kwani jeli yake ikishakauka mabadiliko unayoyaona huenda yakawa ya jeli.

Akiwa amelala kifudifudi, mto chini ya tumbo, misuli ya pande zote mbili ilishuka hadi mikrovolti 3 (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti), yaani karibu na kimya. Akiwa amesimama na kuinama, kilele kilifika mikrovolti 62 kulia na 58 kushoto. Alipofika mahali alipoweza kufika na kutulia hapo, umeme ulibaki 31 kulia na 34 kushoto. Kwa hesabu ya uwiano, ambapo kilele hugawanywa kwa kiasi kinachobaki chini, alipata 2 kulia na chini kidogo ya 2 kushoto. Misuli ikilegea vizuri uwiano huo huwa mkubwa zaidi, kwa kuwa kinachobaki chini ni kidogo sana.

Ripoti ya haraka ingeandika kwamba kimya hakipo, misuli imekaza, na tiba iwe kulegeza misuli. Ripoti hiyo ingekuwa na kosa. Vifaa viwili vya kupima pembe, kimoja kwenye pingili ya mwisho ya kifua na kingine kwenye mfupa wa nyonga, vilionyesha kwamba mgonjwa aliinama nyuzi 41 tu kutoka wima na kusimama hapo kwa hofu. Kimya cha misuli hutokea mwishoni mwa mwendo, na yeye hakufika mwishoni. Mtaalamu mwingine, ambaye hana maumivu yoyote, alibandikwa elektrodi na kuombwa aishie kwenye pembe hiyo hiyo. Misuli yake nayo ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu. Kipimo cha kuinama kisichoandikiwa pembe hakina maana. Kilichopimwa siku ile kilikuwa uamuzi wa mgonjwa wa kutoinama, na uamuzi huo tayari alikuwa ameusimulia kwa maneno yake.

Ajabu ni kwamba tarakimu iliyosaidia zaidi siku ile haikuwa ya kuinama, bali ile ya kulala. Mgonjwa alikuwa ameshaambiwa mara nyingi kwamba misuli yake imekakamaa, na aliamini kwamba imekakamaa usiku na mchana. Alipogeuza shingo na kuona mstari kwenye kioo umetulia akiwa kifudifudi, kisha ukaruka alipoinua kichwa kidogo, ukatulia tena alipokirudisha, aliomba arudie mwenyewe. Nadharia ya zamani inasema maumivu huleta mkazo na mkazo huleta maumivu, katika mduara usiokatika. James Lund na wenzake waliipinga mwaka 1991, na Hodges na Tucker mwaka 2011 walieleza kwamba maumivu hugawa upya kazi miongoni mwa misuli, mingine ikipewa zaidi na mingine kidogo, kwa namna inayotofautiana kati ya mtu na mtu. Mstari uliotulia ulikubaliana na maelezo haya mapya: msuli wenyewe ulikuwa mzima na ulijua kuachia, ila ulikuwa ukilinda pale mgonjwa alipoona hatari.

Matibabu yalianza na picha ya eksirei, maana ndiyo iliyokuwa chanzo cha hofu. Alielezwa kwamba mabadiliko ya diski na pingili huonekana pia kwa watu wasioumwa chochote: mapitio ya picha za CT na MRI yaliyochapishwa na Brinjikji na wenzake mwaka 2015 yalikadiria dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Mkanda wa kiuno uliachwa hatua kwa hatua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unashauri elimu, mazoezi na tiba za kisaikolojia miongoni mwa mengine, na haushauri mikanda ya kiuno wala kuvuta mgongo kama tiba ya kawaida. Kumvua mkanda mtu aliyeuvaa zaidi ya mwaka si suala la kutoa amri. Aliuvua kwanza nyumbani, akaendelea kuuvaa sokoni kwa muda, na hakuna aliyemgombeza.

Mazoezi ya kuinama yalipangwa kuanzia mahali ambapo mzigo ni mdogo. Akiwa amepiga magoti na kushika mkeka kwa viganja, alirudisha makalio kuelekea visigino mpaka mgongo ukakunjika huku uzito ukibebwa na miguu na mikono. Mkao huo unakaribia sana sijida, naye alilitambua hilo kabla ya kuambiwa. Ndiyo sababu zoezi lilifanyika nyumbani bila kusahaulika: liliwekwa baada ya swala, juu ya mswala ule ule. Kisha akaja kwenye kigoda, mikono ikiteleza kati ya miguu mpaka sakafuni, pumzi ikitolewa wakati wa kushuka. Baadaye akasimama na kuinama akitembeza viganja juu ya mapaja na miundi. Elektrodi zilitumika katika vipindi vichache tu vya mwanzo wa hatua hii ya kusimama, ili aone mstari unavyoshuka anapoachia kichwa na mabega. Mara alipoweza kuhisi tofauti bila kutazama kioo, mashine iliwekwa kando. Sioni faida ya kumzoesha mtu kuinama mbele ya kioo ambacho hatakuwa nacho jikoni. Pamoja na hayo alitembea kila siku, na ndoo ikaanza na lita chache ikaongezwa kila alipozoea.

Wiki ya sita maumivu yalikuwa yameshuka kutoka 7 hadi 4 na alikuwa ameacha kuswalia kwenye kiti. Kipimo cha pili kilifanywa kwa alama zile zile za faili, asubuhi, feni ikiwa mbali. Sasa aliinama nyuzi 97. Kulia umeme ulishuka hadi mikrovolti 6 mwisho wa mwendo. Kushoto ulibaki 19. Hapa ndipo kisa kilipogeuka kuwa kigumu kweli, kwa kuwa upande uliobaki na umeme ndio upande anaolalamikia, na kishawishi cha kusema "tumepata chanzo" kilikuwa kikubwa.

Kabla ya kuujadili msuli ilibidi kuondoa uwezekano wa kwamba umeme huo haukuwa wake. Moyo nao hutoa umeme, na katika vipimo vya kiwiliwili hujipenyeza, zaidi upande wa kushoto, ukionekana wazi pale misuli inaponyamaza. Mstari ghafi, usiolainishwa na programu, uliangaliwa: vilele vya moyo vilikuwepo, vidogo, vikirudi kwa mpangilio wa mapigo, lakini katikati yake kulikuwa na mawimbi mazito ya msuli. Kuchuja masafa ya chini ya hezi 30 kulipunguza vilele vya moyo na kuacha mawimbi hayo karibu kama yalivyokuwa. Elektrodi za kushoto zilibanduliwa, ngozi ikasafishwa tena, mpya zikabandikwa. Matokeo yalikuwa yale yale. Umeme ulikuwa wa msuli.

Jibu lilianza kuonekana kwa vifaa rahisi kabisa. Mgonjwa alisimamishwa juu ya mizani miwili ya kawaida ya kupimia uzito, mguu mmoja kwa kila mzani, akaombwa ainame. Mzani wa kulia ulibeba uzito mwingi zaidi, na aliyesimama nyuma yake aliona kiwiliwili kikishuka huku kikipotokea kulia. Mwili ukiegemea kulia, misuli ya kushoto haina budi kushikilia. Alipoelekezwa asawazishe mizani kabla ya kuinama, umeme wa kushoto ulishuka kutoka 19 hadi 11. Sehemu ya kile kilichoonekana kama msuli mgonjwa ilikuwa mazoea ya kukwepa mguu wa kushoto, aliyoyaanza pengine wiki za mwanzo za maumivu na kuyabeba hadi leo. Sehemu iliyobaki haikupata maelezo, na watu wasio na maumivu pia huweza kuwa na tofauti ya kulia na kushoto.

Lilizuka suala la kama matibabu yaendelee mpaka upande wa kushoto ulingane na wa kulia. Wanaounga mkono wana hoja: Neblett, Mayer, Gatchel na wenzao walionyesha nchini Marekani mwaka 2003 kwamba wagonjwa wengi wa maumivu sugu waliomaliza programu ya kurejesha uwezo wa mwili walirudi kwenye kimya cha kawaida, pamoja na kuongezeka kwa mwendo wa kuinama. Ila mwendo na kimya viliongezeka pamoja, na hilo halithibitishi kwamba kimya ndicho kilichowaponya. Upande wa pili, Chuo cha Madaktari wa Neva cha Marekani kilipopitia ushahidi mwaka 2000 hakikukubali kipimo cha elektrodi za juu ya ngozi kuwa chombo cha kutathmini maumivu ya mgongo wa chini. Tathmini hiyo ni ya zamani na vifaa vimeboreka, lakini hoja yake kuu haijafutika: mikrovolti za mtu mmoja haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za mwingine, kwa kuwa unene wa mafuta chini ya ngozi, umbali wa msuli na hali ya ngozi hubadilisha ukubwa wa ishara. Hata kwa mtu yule yule, elektrodi ikihama kidogo tarakimu huhama nayo. Uwiano hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza.

Kwa hiyo 19 na 11 hazikuandikwa kwenye ripoti kama ugonjwa, wala hazikupewa mgonjwa kama alama za mtihani. Kilichoingia kwenye mpango wa tiba ni kuinama kwa uzito uliosawazishwa, mazoezi ya kusimama kwa mguu wa kushoto, na kubadilisha mkao wa cherehani, kwani ilionekana kwamba alikuwa akikanyaga pedali kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ukiwa umekunjwa chini ya kiti. Kigoda kiliinuliwa kidogo ili miguu yote miwili ifike.

Wiki ya kumi maumivu yalikuwa 3, siku nyingine 2, na katika dodoso alikubali kauli 5. Alikuwa akiteka maji mwenyewe kwa ndoo ya lita 10 na kushona karibu saa nzima kabla ya kuinuka. Hakupimwa umeme wa misuli siku hiyo, kwa sababu hakuna jibu ambalo lingebadilisha uamuzi wa kumruhusu amalize matibabu: kama kushoto kungekuwa kimya angeruhusiwa, na kama kungekuwa na mikrovolti 15 angeruhusiwa vilevile. Alipangiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Kwenye faili liliachwa sharti moja la kurudia kipimo, nalo ni endapo atapoteza tena uwezo wa kuinama, na kando yake zikaandikwa pembe ya nyuzi 97, umbali wa elektrodi kutoka kwenye uti wa mgongo, na neno "mizani" kwa atakayempokea.